Kulinda mbao za nje za behewa la zamani la reli: mwongozo kamili, kuanzia paani hadi boriti za chini

Ubao wa kwanza niliowahi kuung'oa kwenye behewa la zamani ulikuwa chini ya dirisha, na kwa nje haukuwa na kasoro. Rangi iling'aa, na hata mistari ya dhahabu ilikuwa bado imenyooka. Nilipochomeka bisibisi kwenye ukingo wake, ilizama mpaka kwenye mpini kana kwamba natoboa mkate uliolowa. Nyuma ya ile rangi nzuri hapakuwa na ubao tena. Palikuwa na vipande vidogo vya mraba, vya kahawia, vinavyovunjika kwa kidole, na msumari mmoja uliokondeana kama sindano katikati ya duara jeusi. Rangi ile ilipakwa miaka michache tu kabla, na aliyeipaka alipaka juu ya mbao zenye maji.

Tangu siku hiyo kila behewa nalizunguka na swali moja: maji yanaingia wapi, na yanatokea wapi? Rangi ni ya kufunga kazi ambayo tayari imeshafanyika. Mwongozo huu nimeuandika kwa yeyote anayefufua behewa la mbao, liwe la abiria au la mizigo, na utaona nimekaa muda mrefu kwenye maungio, vichwa vya mbao na mashimo ya kutolea maji kuliko kwenye kopo la rangi. Huko ndiko mabehewa yanakofia.

Kinachokula mbao

Mbao za nje zina maadui wawili, na watu huwachanganya. Wa kwanza anafanya kazi juu ya uso. Mionzi ya jua huvunja lignini, ile gundi ya asili inayoshikilia nyuzi za mti, kisha mvua huosha kilicholegea. Ubao unageuka kijivu na kuwa na mikwaruzo. Unatisha kuutazama, lakini adui huyu ana mwendo wa polepole mno: mbao laini kama za msonobari zikiachwa wazi kabisa hupungua takriban milimita 6 kwa miaka 100.

Adui wa pili ni kuvu inayoozesha, na huyu hana subira hiyo. Kuvu inataka hewa, joto la wastani, chakula na maji. Chakula ni behewa lenyewe, na hewa na joto huwezi kuviondoa. Kilicho mikononi mwako ni maji peke yake. Unyevu wa ubao ukifika asilimia 28 hadi 30 ya uzito wake mkavu, kuta za seli zinakuwa zimeshiba na kuvu inastawi. Ukiuweka ubao chini ya asilimia 20 muda wote, hautaoza. Hii asilimia 20 ndiyo namba ya kuandika ukutani karakana.

Halafu kuna jambo moja la maumbile ya mti ambalo linaeleza karibu kila uozo nilioukuta. Maji husafiri kwa kufuata urefu wa nyuzi mara 10 hadi 15 haraka kuliko yanavyokatisha nyuzi. Kichwa cha ubao, yaani pale ulipokatwa na nyuzi zikabaki wazi kama fungu la mirija, kinakunywa maji kwa namna ambayo uso wa ubao hauwezi. Sasa fikiria ukuta wa behewa la abiria: mbao nyembamba zilizosimama wima, ulimi wa mmoja ndani ya mfereji wa mwenzake, mamia kwa mamia, na kila mmoja una kichwa chini, pale pale maji yote ya ukutani yanapoteremkia.

Kabla ya kugusa chochote

Rangi ya behewa la zamani ichukulie kuwa ina madini ya risasi mpaka kipimo kikuthibitishie vinginevyo. Kwa miongo mingi rangi bora ya nje ilikuwa risasi nyeupe iliyosagwa na mafuta ya kitani, na hata kule Marekani marufuku ya rangi za nyumbani zenye risasi ilikuja mwaka 1978. Vumbi lake huingia kwenye damu na huharibu ubongo wa mtoto kwa kiasi kidogo sana. Kwa hiyo kwaruza huku umelowesha kwa chupa ya kupulizia maji, tandika plastiki chini, vaa barakoa yenye vichujio vya vumbi laini kabisa na si kitambaa, na tumia mashine ya kufyonza yenye kichujio cha aina hiyo hiyo. Nguo za kazi zisifike nyumbani. Mashine ya kupiga msasa kwenye rangi kavu ya zamani isiguswe.

Moto wa wazi pia usiutumie kutoa rangi. Ukuta wa behewa una uwazi ndani yake uliojaa vumbi kavu la karne nzima, na cheche ikiingia humo hutaiona mpaka usiku. Mashine ya hewa moto inafaa, mradi joto lake lidhibitiwe. Kanuni za Marekani zinakataza kuvuka nyuzi za Selsiasi 593 kwenye rangi yenye risasi, na kwa uzoefu wangu nusu ya joto hilo inatosha kulainisha rangi. Kagua pia kama kuna asbesto kuzunguka jiko, mabomba ya mvuke na nyaya. Ukiikuta, waite wenye ujuzi wa kuiondoa.

Hatua ya 1: Lipatie behewa kivuli

Hakuna rangi wala dawa inayoshinda banda. Jumba la makumbusho la Illinois Railway Museum, lililoanzishwa mwaka 1953, limejijengea mabanda marefu yenye reli ndani kwa sababu hiyo: behewa la mbao likikaa nje, kazi ya ufufuaji haiishi. Kama fedha zinatosha banda la kawaida au mbao mpya, jenga banda kwanza.

Ukikosa banda, turubai inasaidia, lakini turubai iliyofungwa kama kifurushi ni mbaya kuliko mvua. Mvuke unaotoka ardhini na ndani ya behewa unagonga plastiki usiku, unakuwa matone, na unarudi kwenye mbao ambazo sasa hazina upepo. Tengeneza fremu nyepesi ya fito juu ya paa, turubai ikae angalau sentimita 30 mbali na paa, ishuke pande mbili mpaka chini ya madirisha tu, na ncha zote mbili zibaki wazi. Funga vizuri ili isipigepige. Turubai inayopigwa na upepo inasugua rangi mpaka kwenye mbao. Kata nyasi na vichaka kando ya reli ili hewa ipite chini ya behewa.

Hatua ya 2: Soma ramani ya maji

Subiri mvua, au mwagilia maji kwa mpira wa bustani ukianzia chini na kupanda polepole, huku mwenzako akiwa ndani na tochi. Kuanzia chini ni muhimu: ukianza na paa, maji yanashuka kila mahali na hutajua nani mwenye kosa.

Baada ya siku chache za ukavu, chukua kipima unyevu cha sindano mbili na bisibisi nyembamba. Pima kila mita moja kwenye boriti za pembeni, chini ya kila dirisha, kwenye pembe zote nne, na chini ya kila ukanda wa mlalo, yaani ubao mwembamba uliolazwa kukatisha ukuta. Andika namba kwenye ubao wenyewe kwa chaki, kisha piga picha. Pale kipimo kinapozidi 20, choma kwa bisibisi. Mbao nzima hutoa kibanzi kirefu chenye nyuzi. Mbao iliyooza hukatika kwa ufupi, bila sauti. Ukishalisikia hilo mara mbili tatu, mkono wako utaanza kukuambia kabla ya jicho.

Sehemu ambazo huwa nazifungua hata kama kipimo kinasema salama ni pembe za chini za behewa, ncha za boriti karibu na majukwaa ya kupandia, na mifuko ya madirisha. Kuna mabehewa ambayo kioo hushuka ndani ya ukuta. Chini ya mfuko ule fundi wa zamani aliacha tundu la kutolea maji. Niliwahi kufungua mifuko ya aina hiyo upande mmoja mzima wa behewa, na karibu yote ilikuwa imeziba kwa vumbi, majivu ya makaa na vipande vya karatasi. Maji yalikuwa yanasimama mle ndani baada ya kila mvua, juu ya boriti kuu. Ule mfuko mmoja uliokuwa wazi, mbao zake zilikuwa ngumu na za rangi ya asali kama siku zilipokatwa.

Hatua ya 3: Paa

Paa likivuja, kila unachofanya ukutani ni kazi ya kutwanga maji kwenye kinu.

Mabehewa mengi ya mbao yaliezekwa kwa kanvasi nzito ya pamba iliyolazwa juu ya rangi nzito bado mbichi, ikavutwa, ikapigiliwa kingoni na kupakwa rangi tena mara kadhaa. Ni mfumo mzuri unapokuwa mzima, kwa sababu kanvasi inanyumbuka pamoja na behewa. Unakufa kingoni kwanza, pale misumari ya chuma inapopata kutu na kukata kitambaa. Ukiirudisha, tumia misumari midogo ya shaba, na kitambaa kipite ukingo wa paa kabla ya kugeuzwa na kubanwa, maji yadondoke mbali na ukuta.

Mbao za paa chini ya kanvasi zikaushwe kabisa na zipakwe praima, ile rangi ya kwanza ya kushikisha, pande zote kabla ya kitambaa. Kuna mtu atakuambia upake lami juu ya kanvasi ya zamani ili kuokoa muda. Usikubali. Lami hupasuka jua likiipiga, haitoki tena bila kung'oa kila kitu, na inaficha uvujaji badala ya kuuzuia.

Mabehewa yenye paa la ngazi mbili, lile lenye mstari wa vidirisha juu, yanavuja zaidi pale ngazi ya juu inapokutana na ya chini. Bati la kuzuia maji hapo lipande nyuma ya fremu za vidirisha, lisiishie mbele yake. Mabomba ya jiko na matundu ya hewa nayo yanahitaji kola ya bati iliyolazwa chini ya kanvasi upande wa juu na juu ya kanvasi upande wa chini, kama magamba ya samaki.

Hatua ya 4: Kata kilichooza, okoa kilichobaki

Hapa watu hugawanyika kati ya wanaong'oa kila kitu na wanaotaka kuokoa kila kibanzi. Msimamo wangu ni kuokoa ubao wa asili mradi umebaki imara kwa kubeba kazi yake. Mbao za zamani mara nyingi zilitoka kwenye miti iliyokua polepole, yenye pete zilizobanana, na hutapata nyingine kama hizo kwa urahisi.

Ubao wa ukutani uliooza sentimita 20 za chini, kata sehemu hiyo na uunge kipande kipya. Mkato usiwe mlalo. Ukate kwa mshazari unaoteremka kuelekea nje, ili kipande cha juu kikifunike cha chini kwa mbele kama kigae, na maji yasipate rafu ya kukaa. Kata angalau sentimita 15 kupita mahali uozo unapoishia kuonekana, kwa sababu kuvu hutangulia kabla ya dalili.

Epoksi, ile gundi ya kuchanganya inayoganda ngumu, ina nafasi yake. Ile nyepesi inayonyweka huimarisha mbao iliyolainika kidogo, na ile nzito hujaza tundu ambalo lina mbao ngumu pande zote. Lakini mbao lazima iwe kavu, chanzo cha maji kiwe kimezibwa, na epoksi ifunikwe kwa rangi kwani jua huivunja. Nimeona boriti iliyojazwa epoksi upande wa nje huku upande wa ndani ukiendelea kulowa. Kile kijazio kilibaki kizuri peke yake, kimezungukwa na uozo mpya. Kwa boriti zinazobeba uzito wa behewa, au zinazoshikilia zile fito za chuma za mvutano chini ya sakafu, usitumie kijazio. Unga mbao mpya ya aina ile ile, na mtu anayeelewa miundo aidhinishe.

Hatua ya 5: Dawa kwenye mbao

Rangi huzuia maji kwa muda. Dawa humngoja kuvu siku rangi itakapopasuka. Zote mbili zinahitajika, na kila dawa ina mahali pake.

Borati ni chumvi ya boroni inayosambaa ndani ya mbao kwa kufuata unyevu. Kwenye boriti kubwa ambazo huwezi kuzitoa, toboa mashimo kwa mteremko kila sentimita 20 hadi 30 karibu na maungio, tumbukiza vijiti vya borati, kisha ziba kwa kizibo cha mbao. Boriti ikikaa kavu, vijiti vinalala. Maji yakiingia, vinayeyuka na kuelekea pale pale kwenye hatari. Udhaifu wake ni kwamba mvua huiosha ikitumika kwenye uso ulio wazi, kwa hiyo ni lazima ifunikwe kwa rangi.

Nafthenati ya shaba, dawa ya mbao yenye madini ya shaba, haioshwi hivyo. Ina rangi ya kijani na harufu kali, na inaweza kujitokeza juu ya rangi nyepesi, hivyo naitumia sehemu zisizoonekana tu: juu ya boriti chini ya sakafu, ndani ya maungio, migongo ya mbao.

Kwa mbao mpya za ukutani, dawa ya kuzuia kuvu yenye nta kidogo ndiyo chaguo langu, ile iliyoandikwa kwenye kopo kwamba inapakika rangi juu yake. Nta ikizidi rangi haishiki. Usiipake kwa burashi kwenye vichwa; simamisha fungu la mbao ndani ya ndoo, kichwa chini, kwa dakika kadhaa, halafu geuza. Utaona mstari wa unyevu ukipanda ndani ya ubao mbele ya macho yako, sentimita moja, mbili, tatu. Maji ya mvua yangepanda vivyo hivyo. Acha zikauke kwa muda ulioandikwa kwenye kopo kabla ya praima.

Neno moja kuhusu mafuta ya kitani. Wengi huyapaka matupu kwa kuamini kwamba "yanalisha" mbao. Mbao iliyokufa hailishwi, na mafuta ghafi hukauka polepole na hulisha ukungu. Ukiyatumia popote, matambara yaliyolowa mafuta yatandaze nje moja moja mpaka yakauke au yatumbukize kwenye ndoo ya chuma yenye maji. Tambara lililofinyangwa na kutupwa pembeni hujipasha moto lenyewe mpaka likawaka. Karakana zimeteketea hivyo.

Hatua ya 6: Hesabu ya kutanuka

Hapa pana hesabu ambayo imewatoa machozi mafundi wazuri. Mbao hutanuka na kusinyaa kwa upana, karibu si kwa urefu. Chukua popla ya njano ya Marekani, iliyotumika sana kwenye kuta za mabehewa ya huko. Ikipasuliwa kwa mkato wa kawaida, hubadilika takriban asilimia 0.29 ya upana kwa kila asilimia moja ya unyevu. Ubao wa milimita 80 uliofungwa ukiwa na unyevu wa asilimia 10, kisha ukapanda mpaka 16 msimu wa mvua, unatanuka milimita 1.4 hivi. Ni kidogo. Lakini ukuta wa mita 16 una mbao 200, na zote zikikosa nafasi zinasukumana kwa jumla ya sentimita 28. Ukuta unabinuka, misumari inang'oka, rangi inapasuka kwenye kila kiungo.

Kwa hiyo acha mbao zikae karakana wiki kadhaa zifike unyevu wa asilimia 12 hadi 14, na wakati wa kufunga weka uwazi wa milimita moja au zaidi kidogo kati ya bega la ubao mmoja na mwingine. Mbao zilizopasuliwa kutoka moyo wa gogo kwenda gome, pete zikisimama wima kwenye kichwa, zinahama karibu nusu ya hizo na hushika rangi muda mrefu zaidi. Zinagharimu zaidi, na mimi hulipa.

Kabla ya kufunga, kila ubao upakwe praima pande zote: uso, mgongo, ulimi, mfereji, vichwa vyote viwili. Vichwa vipate mara tatu. Ulimi uongezewe rangi ya mwisho, maana siku ubao utakaposinyaa, mstari usiopakwa utajitokeza na kunyonya maji. Kona kali zizungushwe kwa msasa mpaka ziwe na mviringo wa milimita 2 au 3. Rangi hukimbia kona kali na kubaki nyembamba hapo.

Funga kila ubao kwa msumari au skrubu moja tu kwenye kila mhimili, kupitia ulimi, ili uweze kutanuka upande mwingine. Kwenye mwaloni tumia shaba nyeusi ya silikoni au chuma kisichoshika kutu, kwani tanini, ile asidi ya asili ya mwaloni, ikikutana na chuma cha kawaida na maji hutengeneza lile duara jeusi, na mbao inayolizunguka hulainika. Vichwa vya chini vikatwe kwa mshazari, ukingo wa nje ukiwa chini kuliko wa ndani, tone lianguke badala ya kurudi nyuma. Viachwe sentimita moja juu ya chuma au ukanda wowote ulio chini yake.

Hatua ya 7: Nini cha kuziba, nini cha kuacha

Methali inasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwenye behewa, ukiziba ufa usiopaswa kuzibwa ndipo utajenga ukuta.

Ziba maungio yanayotazama juu: ukingo wa juu wa kanda za mlalo, makutano ya fremu ya dirisha na ukuta kwa juu na pembeni, na kichwa cha ubao kinachogusa ukanda. Tumia kijazio kinachonyumbuka na kinachopakika rangi. Silikoni ya kawaida haipakiki, na mabaki yake yatakusumbua miaka yote. Ukingo wa juu wa kila ukanda urandwe upate mteremko wa nyuzi 10 au 15, hata kama wa awali ulikuwa bapa.

Usizibe maungio ya wima kati ya mbao, ukingo wa chini wa dirisha, sehemu ya chini ya ukuta wala tundu lolote la kutolea maji. Maji yatapita mahali fulani, na hizo ndizo njia zao za kutokea. Matundu ya mifuko ya madirisha yapanue yafike milimita 12, yatie kijibomba cha shaba ili mbao isilowe ndani ya tundu, na sakafu ya mfuko iwe na mteremko kuelekea tundu.

Hatua ya 8: Rangi, hatimaye

Mbao ziwe chini ya asilimia 15. Piga msasa namba 80 au 100, futa vumbi, na upake praima siku hiyo hiyo ukiweza. Mbao tupu ikikaa juani wiki mbili au tatu, uso wake unakuwa tayari umevunjika kiasi cha kudhoofisha mshiko wa rangi, ingawa kwa macho bado ni mpya. Ikikuchelewea, piga msasa tena.

Usipake asubuhi umande ukiwa haujatoka, wala jioni behewa linapopoa. Joto la mbao liwe juu ya nyuzi 10 na angalau nyuzi 3 juu ya kiwango cha umande, yaani joto ambalo mvuke wa hewani huanza kuwa matone. Fuata kivuli ukizunguka behewa. Rangi inayopakwa kwenye jua kali hukauka juu kabla ya chini na kutoa malengelenge.

Praima ya mafuta ndiyo ninayoipenda kwa mbao tupu, na ipakwe kwa burashi hata kama utapuliza tabaka zinazofuata, kwa sababu burashi huisukuma ndani ya nyuzi. Juu yake tabaka mbili za rangi ya mwisho, zikaukapo ziwe na jumla ya mikroni 100 hadi 130 pamoja na praima. Zaidi ya hapo huongezi ulinzi. Rangi nene ngumu hupasuka mapema.

Akriliki au enameli ya mafuta? Akriliki, ile rangi ya maji, hubaki ikinyumbuka na inapitisha mvuke kidogo, kwa hiyo behewa linalokaa nje naliwekea akriliki bila kusita. Enameli ina mng'ao na kina kinacholingana na mabehewa ya enzi yake, lakini hukakamaa na kupasuka mwaka hadi mwaka. Behewa lenye banda linastahili enameli. Kumbuka pia kwamba rangi nyeusi au ya kijani iliyokolea hupata joto zaidi juani kuliko ya maziwa, na upande unaotazama jua la mchana utachoka kwanza.

Msaji ni habari nyingine. Kampuni ya London and North Eastern Railway ya Uingereza ilitambulika kwa mabehewa yake ya msaji yaliyopakwa vanishi tu, na yaliyofufuliwa ni mazuri kupita maelezo. Msaji una mafuta yake ya asili: futa uso kwa kiyeyushi na upake tabaka la kwanza muda mfupi baadaye, likiwa limechanganywa na thina nyingi, kisha tabaka sita au zaidi, ukipiga msasa mwepesi kati yake. Juani vanishi hudumu mwaka mmoja au miwili, basi ipigwe msasa mwepesi na kuongezwa kabla haijaanza kubanduka. Ukingoja ibanduke, mbao chini yake itakuwa imeshakuwa kijivu na utarudi mwanzo kabisa.

Kulitunza behewa lililokamilika

Lizunguke mara mbili kwa mwaka, kabla ya mvua na baada yake, na kipima unyevu na zile picha za namba za mwanzo. Namba moja haikuambii kitu. Namba inayopanda mwaka hadi mwaka mahali pale pale inakuambia kila kitu. Osha kwa maji, sabuni laini na sponji. Mashine ya kuoshea magari kwa shinikizo isifike karibu, maana inasukuma maji kupitia maungio ambayo mvua isingeyaweza. Ukiona mpasuko kwenye rangi, paka hapo hapo wiki hiyo, hata kama rangi ya kiraka hailingani sawasawa.

Na baada ya mvua kubwa ya kwanza ya msimu, pita na kipande cha waya chini ya kila dirisha, choma kila tundu la kutolea maji, na uweke kiganja chako chini yake. Pale usipopata hata tone, fungua mfuko huo siku hiyo hiyo.